Sentimita Tisini

Gongo la Mboto,
Jumamosi, saa tisa alasiri

Penina mama,

Ukifungua lile begi dogo la bluu hutakuta boksi la chai ya kupunguza tumbo. Usimshuku mtu wa stendi. Nimelitoa mimi, saa moja iliyopita, wewe na mama yako mkiwa mmekwenda kusukwa. Nilikuwa napambana na zipu uliyosema inakataa, nikasikia harufu. Nimeishi na harufu za matumbo miaka thelathini na moja. Kwa pua tu naweza kukuambia kama ng'ombe alikula pumba au majani ya kando ya barabara. Hii niliijua kabla sijaitafutia jina. Nikaketi kitandani kwako, nikavaa miwani, nikasoma ubavuni mwa boksi yale maandishi madogo kama mayai ya chawa: vitu saba, na cha kwanza ni sanamaki, majani yale ya kuharisha.

Kuhusu chandarua, maji ya kunywa na watu wa kukaa nao mbali ndani ya basi, mama yako atakuambia kesho mpaka dereva awashe gari. Mimi nina jambo moja, na linahusu tumbo lako. Najua umeshacheka. Baba na matumbo yake. Cheka, lakini soma mpaka mwisho, na usome ukiwa umekaa.

Naogopa, Penina. Nianze na hilo ili nisijifanye nakupa busara. Mtu mwenye hofu anaandika vibaya, kwa hiyo nivumilie nikirudia rudia.

Kila asubuhi kwa miaka kumi na mitano nimekuuliza swali moja: "Umepata choo?" Nimepiga hesabu, ni zaidi ya mara elfu tano na mia nne. Nimekuuliza siku ya mtihani wa kidato cha nne. Nimekuuliza kanisani. Mwaka jana Eliya, mchumba wako, alipokuja kujitambulisha, amekaa kwenye kochi na shati lake jeupe, nikakuuliza mbele yake. Yeye akaitazama soda yake kama ndiyo iliyoulizwa. Nilikusikia jikoni ukimwambia mama yako, "Mama, huyu mzee atanifukuzia watu!" Na mama yako akacheka, akasema, "Mwache, baba yako anaona dunia nzima ni utumbo."

Ulipochaguliwa kwenda bweni Tabora nikakataa, ukalia wiki nzima, ukaniita mkoloni. Ukaosha vyombo kwa hasira mpaka tukabaki na vikombe vitatu. Sikukupa sababu. Nilisema tu nyumba hii ina baba. Sababu nilikuwa nayo, na iko ndani ya tumbo lako, upande wa kulia chini ya kovu. Au niseme haiko. Ilikatwa. Ni sentimita tisini.

Wewe unalijua kovu lako kwa hadithi niliyokupa mimi: ulikuwa na miaka tisa, jirani yetu Mama Hija akakuuzia mihogo mibovu, tumbo likaharibika, ukapasuliwa. Umeisimulia hadithi hiyo kwa marafiki zako. Mwezi uliopita umeiandika hata kwenye fomu ya afya ya ajira. Uliiacha mezani, nikaisoma. Umewahi kufanyiwa upasuaji? Ndiyo. Sababu? Kula chakula kibaya. Kwa mwandiko wako mzuri wa ualimu, na mhuri wa daktari chini yake. Uongo wangu umepata mhuri, mwanangu. Utakwenda nao bonde la Rukwa ulikopangiwa kufundisha, na siku ukilala kitandani mbele ya mtu asiyekujua, atausoma, atauamini.

Ngoja nikueleze mimi ni nani kwanza, maana hata hilo sidhani unalijua sawasawa.

Nilitoka Singida nina miaka kumi na tisa. Nilikuwa na cheti cha darasa la saba na maksi kumi kwa kumi za mchoro wa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Usicheke. Mwalimu aliutundika mchoro wangu ukutani: mdomo, umio, mfuko wa tumbo, ini, nyongo, kongosho, utumbo mwembamba, utumbo mpana, na mshale kila mahali. Nilidhani mji utanipokea kwa mchoro ule. Machinjioni wenzangu waliokuja na wajomba zao walipewa visu. Mimi sikuwa na mjomba, nikapewa matumbo. Watu walinikalia mbali kwenye ibada. Mwenye nyumba wangu wa kwanza alinitaka nioge nje, kwenye bomba la mtaani, ndipo niingie. Leo wale wenye visu sijui wako wapi, na mimi ninapeleka utumbo safi kwa wapika supu kutoka hapa mpaka Sinza. Hakuna aliyenishika mkono. Hilo nalisema kwa uchungu na pia kwa kujisifu. Nimeligundua leo kwamba ndani ya kujisifu huko ndimo kosa langu lilimozaliwa.

Kuosha utumbo kuna utaratibu. Unatafuta ncha ya juu, unaingiza mpira wa maji, unafungulia taratibu, halafu unatembea na mikono yako unakamua kinachosukumwa na maji. Utumbo mwembamba wa ng'ombe nimeupima kwa hatua zangu: arobaini, mara nyingine arobaini na tano. Wiki yangu ya kwanza nilikutana na fundo. Utumbo ulikuwa umejisokota wenyewe ndani ya ng'ombe, maji hayapiti. Nikafanya kinachoingia akilini mwa mtu mwenye haraka: nikafungulia bomba lote. Ukajaa, ukawa mgumu kama tairi la baiskeli, ukapasuka, ukamwagia bosi kuanzia kofia mpaka gumbuti. Akanichapa nao shingoni.

"Mbuzi wewe! Fundo halifunguliwi kwa maji! Funga bomba, fungua fundo kwa mkono, ndiyo ulete maji! Rudia!"

Nikarudia kwa sauti mbele ya watu, wakicheka. Baadaye nilikuja kuwafundisha wengine kwa maneno yale yale. Nataka ukumbuke hili vizuri, kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi. Nilijua. Miaka kumi na sita kabla ya siku yako, nilikuwa nimeshafundishwa kwa kuchapwa.

Siku yako ilikuwa Jumamosi kama leo. Mama yako alikuwa Singida kwenye msiba wa shangazi yake, tumebaki wawili. Saa nne asubuhi, nikiwa kazini, ulianza kulia tumbo, kama ulivyonisimulia. Maumivu yalikuja, yakaondoka, yakarudi. Ulikunja magoti, halafu ukanyooka ukacheza, halafu ukakunja tena. Asubuhi ile ulikuwa umekula mihogo ya nazi ya Mama Hija, kama kila Jumamosi, kama watoto wote wa mtaa. Nilirudi kutoka kazini saa nane nikakuta umetapika mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kijani. Tumbo limeanza kujaa. Nikakuuliza, "Umepata choo?" Ukasema tangu juzi bado. Nikakuuliza umejamba? Ukacheka kidogo, ukasema hapana.

Mtoto amejaa, hajapata choo. Kichwani mwangu likaja jibu moja tu, nililolifanya kila siku kwa mikono yangu: sukuma kutoka juu.

Nikaenda kwa Mama Hija kuomba sanamaki, maana nyumba yake haikosi dawa hizo za pwani. Akaniuliza, "Ya nani?" Nikasema, "Yangu, nimefunga choo." Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu angeuliza maswali, na mimi sikutaka kuulizwa na muuza mihogo kuhusu utumbo. Utumbo! Kitu pekee mjini hapa ambacho mtu angeweza kusema mimi nakijua. Saa kumi jioni nikakupa kikombe cha kwanza. Kilikuwa kichungu, ukanishika kidole gumba ukanywa. Saa mbili usiku nikakupa cha pili.

Unaukumbuka uchungu ule? Uliniuliza ukiwa na miaka kumi na mbili, "Baba, kile kichungu nilichokunywa kilikuwa nini?" Nikasema ni dawa ya hospitali. Nilikuwa nakata nyama, na sikukutazama.

Uliumwa usiku kucha, sitaueleza. Karibu na alfajiri maumivu yalikatika. Ghafla tu, kama mtu amezima taa. Ukatulia, ukafumba macho. Nikapiga magoti nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikakupikia uji. Penina, daktari aliniambia baadaye kwamba huenda ndiyo dakika ile utumbo wako ulipotoboka. Nilimshukuru Mungu kwa dakika ile. Mpaka leo nikisikia mtu anasema mgonjwa ametulia ghafla, nauliza kama kuna aliyemgusa tumbo.

Aliyekuokoa si mimi. Mama Hija alipita saa mbili na nusu asubuhi kuuliza mbona hukwenda kwake kunywa chai. Akakugusa tumbo, akageuka na kunipigia kelele ambazo mtaa wote ulisikia.

"Baba Penina! Hili si tumbo, hili ni ubao! Mtoto anakufa huyu, unapika uji? Unapika uji?"

Alikufunga kwa kanga yake, akaingia nawe kwenye bajaji kabla sijavaa viatu. Saa tatu tukawa hospitali. Tangu uanze kulia zilikuwa zimepita saa ishirini na tatu. Kwenye meza ya mapokezi muuguzi akauliza kwa ukali, "Amekula nini? Mmempa nini?" Nikamwona Mama Hija amesimama na kanga yake imelowa matapishi yako. Nikasema, "Amekula mihogo ya huyu mama."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Sijaipunguza wala sijaiongeza.

Walikupasua saa saba mchana. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, viatu vyake vya mpira vimezidi miguu. Alitoka akanikalisha kwenye benchi, akachana boksi la glovu, akachora nyuma yake. Nikaona anachora mchoro wangu wa darasa la saba.

"Mzee unafanya kazi gani?"

"Naosha utumbo. Machinjioni."

"Kumbe. Basi mambo haya unayajua."

"Nayajua."

"Huyajui," alisema, na hakuwa na hasira. "Unaouosha wewe umekufa. Huu uko hai. Aliyekufa unaweza kumsukuma. Aliye hai anasukuma mwenyewe."

Akanieleza, na ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimeshika utumbo maisha yangu yote nikiufahamu kama mpira wa maji. Chakula hakidondoki, alisema, kinasukumwa. Hata ukila umening'inia kichwa chini, umio utakisukuma mpaka tumboni kwa sekunde chache, sentimita ishirini na tano. Mfuko wa tumbo unakikanda na tindikali saa tatu, nne, mpaka kiwe uji. Halafu unakitoa kidogo kidogo, si kwa pupa. Nyongo inatoka kwenye ini kuyeyusha mafuta, kongosho linaleta maji yake. Halafu ni utumbo mwembamba, kwa mtu mzima mita kama sita, ndani una vinyweleo laini kama taulo jipya. Hapo ndipo ugali unapovuka ukuta na kuwa damu, ukawa mkono, ukawa sauti. Mwisho ni utumbo mpana, mita moja na nusu, kazi yake kubwa kurudisha maji mwilini. Katika siku moja zinapita lita nane, tisa, mate na maji yote ya ndani yakiwemo, na kinachotoka nje hakijazi glasi. Vingine vyote mwili umevichukua.

"Sasa njia ikifunga," akasema, akaweka doa la wino mweusi katikati ya mchoro, "lita zile zinajaa hapa juu. Mtoto anakauka kwa kiu huku tumbo limejaa maji. Utumbo unajikaza kusukuma, ndiyo maumivu yanakuja na kuondoka. Na wewe ukaja na sanamaki. Ile ni fimbo, mzee. Umemchapa punda aliyefungwa kwenye mti."

Nilikuwa bado sijamwambia kuhusu sanamaki. Nikamuuliza amejuaje.

"Imetoka," alisema. "Nimeikuta humo, vipande vya majani."

Nikamuuliza kama ni mihogo iliyofunga. Akasema mihogo haina kosa lolote. Utumbo wako ulijisokota wenyewe, hutokea, hata kwa mtoto aliyekula maziwa tu. Ungeletwa Jumamosi mchana, huenda wangeufungua kwa mkono na kuurudisha mzima. Kwa mkono, Penina! Alisema maneno yale yale ya bosi wangu. Nikaomba kwenda msalani, nikapiga kichwa ukutani mpaka mlinzi akagonga mlango.

Hakusema ni sanamaki peke yake. Alikuwa mkweli, nami nitakuwa mkweli: ni sanamaki na saa. Sehemu iliyosokotwa ilikosa damu, ikaanza kufa, ikatoboka. Walikata sentimita tisini zilizokuwa nyeusi, ukakaa miezi mitatu choo kikitokea ubavuni kwenye mfuko, ndipo wakaziunganisha ncha mbili. Mfuko ule naujua unaukumbuka. Watoto walikuita Penina Rambo, kama ile mifuko ya plastiki, na wewe ukawa unajibu, "Bora mie nina wangu, nyie mnaazima sokoni!" Nilikuwa nasimama nyuma ya pazia nikikusikia. Ulikuwa na ujasiri ambao mimi sikuwa nao.

Mama yako alifika Jumanne. Mtaa ukauliza. Na mimi, mtu wa utumbo, nikawaambia wote ni mihogo. Nilikwenda barazani kwa Mama Hija nikapiga teke karai lake, mafuta yakamwagika, watu wakashangilia. Baada ya hapo hakuna mtoto aliyetumwa kwake. Miezi michache baadaye akahamia Boko kwa binti yake. Wewe ulilia ukauliza bibi kaenda wapi. Nikakwambia wenye makosa hukimbia.

Nilipoiona fomu yako mwezi uliopita nilikwenda Boko. Nilimtafuta siku mbili, nyumba kwa nyumba. Nikamkuta amekaa mkekani anachambua mchele, magoti yameisha.

"Shikamoo, Mama Hija."

"Marahaba." Akainua macho kutoka kwenye mchele. "Eh! Baba Penina. Leo umepotea njia? Kaa. Kaa chini, viti ni vya wageni wa heshima."

Nikakaa chini. Nikamwambia nimekuja kuhusu mihogo.

"Mihogo gani? Mie mihogo nimeacha zamani. Si wewe ulinistaafisha?"

Nikamwambia yote. Akaendelea kuchambua mchele, anatupa chuya kwa kidole. Nilipofika kwenye sanamaki akanikatiza.

"Hiyo nilijua siku ile ile. Nilimnusa mdomo ndani ya bajaji. Uliniambia ni yako, nikakupa fungu zima bila kufikiri. Unadhani ni wewe peke yako unalala na hilo?"

"Kwa nini hukusema? Watu walikutukana."

"Nimwambie nani? Mtoto ana mipira puani. Nimwambie ni baba yako? Usiku angemshika nani mkono?"

Nililia, Penina. Kwenye mkeka wa watu, mbele ya wajukuu wawili waliokuwa wanakula ubuyu. Nikasema naomba msamaha. Akasema, "Kamwambie yeye kwanza. Huo wako usinibebeshe mie, magoti yangu unayaona." Halafu akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Anapata choo vizuri?"

Nikasema kila asubuhi.

Mama yako nimemwambia Jumapili iliyopita. Hakunisemesha siku mbili, uliona, ukadhani ni mambo ya safari yako. Siku ya tatu akasema, "Usimwambie kwa mdomo. Kwa mdomo utapunguza. Andika." Ananijua. Ndiyo maana ni barua.

Sasa sikiliza kinachonitisha, maana hayo ya nyuma yameshatokea. Daktari aliniambia siku tunatoka: tumbo lililopasuliwa linaacha makovu ndani, kama nyuzi. Nyuzi hizo zinaweza kushika utumbo na kuufunga tena, mwakani au baada ya miaka thelathini, au isitokee kamwe. Hakuna anayejua. Nimeishi na "hakuna anayejua" kila asubuhi, ndiyo maana nakuuliza swali lile la aibu. Nimempigia mkuu wako wa shule mpya, namba uliibandika kwenye friji. Zahanati iko kilomita kumi na moja. Hospitali yenye chumba cha upasuaji ni saa nne kwa gari, kiangazi.

Nikamuuliza, "Na masika?"

Akasema, "Masika, mzee wangu, tunajikabidhi."

Alipokata simu, nilitafuta karatasi na kalamu.

Wiki iliyopita niliandika ombi la kubadilishiwa kituo, nikaiga saini yako. Nimelichana. Umesoma miaka yote hii kwa akili yako na umepata kazi bila mjomba, kama mimi, na sitakuwa mtu wa kukufungia tena njia. Nenda. Lakini nenda ukiwa na ukweli.

Maumivu yakija na kuondoka kwa mawimbi, ukatapika, tumbo likajaa, huna choo na hujambi: hapo usinywe chai yoyote, wala ya duka wala ya mama mwenye nyumba mwenye huruma. Usile. Usisubiri asubuhi. Usionee watu aibu kuwasumbua, wasumbue, hata kama ni baiskeli, hata kama ni trekta la mtu. Usingoje yafike yote manne, hata mawili yanatosha. Maumivu yakikatika ghafla usishukuru, endelea na safari. Ukifika sema: nilipasuliwa, utumbo ulijisokota, nilikatwa sentimita tisini za utumbo mwembamba. Sema hivyo hivyo, na namba. Na ile fomu ya ajira, iandike upya.

Na hiyo chai ya kupunguza tumbo: Penina, tumbo lako lina historia, halihitaji fimbo. Eliya akitaka kiuno chembamba akaoe sindano.

Mahali palipokuwa na boksi utakuta kopo la visheti. Vinatoka Boko. Mama Hija alivikaanga mwenyewe, ameketi kwenye stuli, na alinipa na ujumbe: "Mwambie visheti vyangu havijawahi kuua mtu." Namba yake ya simu nimeiandika kwenye kitako cha kopo. Mpigie kabla hujanipigia mimi.

Chini ya kopo kuna bahasha ya kaki. Ni karatasi yako ya kuruhusiwa hospitali. Ulikuwa unaitafuta ulipojiunga na chuo, nikasema imepotea kwenye mafuriko. Ilikuwa nyuma ya picha yetu ya harusi pale sebuleni, uliifuta vumbi picha ile kila Jumamosi. Niliificha kwa sababu ya mstari wa tano. Utausoma mwenyewe. Wameandika: alipewa dawa ya kuharisha nyumbani, na baba. Jina langu hawakuandika. Nimeliandika mimi leo, kwa kalamu hii, pembeni.

Nasikia mnafungua geti. Mama yako anacheka, kwa hiyo nywele zimekaa vizuri. Nakunja karatasi. Barua naiweka ndani ya bahasha hiyo hiyo, utaikuta ukishafika. Kesho stendi sitakuuliza kitu mbele za watu, nakuahidi, hata midomo ikiniwasha.

Ukishasoma, huenda usitake kusikia sauti yangu kwa muda. Ni haki yako, na sitamtuma mtu kukubembeleza. Ila naomba kitu kimoja, na hiki naomba kama mtu anayeomba maji. Kila asubuhi, popote mtandao utakapokushika, hata ukipanda kichuguu, nitumie neno moja: ndiyo. Usiandike salamu wala shikamoo. Swali unalijua.

Siku neno hilo lisipokuja mpaka saa nne, nitakuwa ndani ya basi.

Baba yako